Utingo wa Foxborough

Watazamaji wa futiboli ya Marekani wana desturi moja ambayo nimeiona hata kwa wale waliozaliwa nayo. Timu ikikwama mara tatu, mpiga mateke akaanza kujongea kuingia uwanjani, watu huinuka. Huyu anakwenda msalani, yule jikoni kuchukua chai, mwingine anafungua simu. Wanajua kinachofuata: mpira utapigwa juu, wapinzani wataudaka, mambo yataanza upya upande wa pili. Ni sekunde saba hivi za kupumzisha macho. Katika sekunde hizo saba ndimo Matthew Slater alimojijengea kazi ya misimu 16.

Niwaeleze kidogo wasioufuata mchezo huu. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na ushei. Matatu yakishindikana, mara nyingi kocha huona heri auondoshe mpira kwa mkwaju mrefu kuliko kubahatisha la nne na kuuacha mpira mikononi mwa adui palepale. Hapo kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, na mastaa wenzake hutoka. Wanaingia wengine kumi na mmoja, wa kile kinachoitwa vikosi maalumu: vijana wanaotafuta mkate, wachezaji wa akiba, na wazee wachache wasiotaka kuondoka. Timu ya NFL husajili wachezaji 53, na wale walio mkiani mwa orodha hiyo hulipia nafasi zao huku. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliingia uwanjani kwa mlango huohuo.

Kwa walio wengi ni mlango wa kupita tu. Ukishapata namba kwenye mashambulizi au ulinzi, unaaga. Slater alifika mlangoni, akaweka kigoda, akakaa.

Nikimtazama humkumbuka utingo wa lori. Anayejua njia ya Iringa anaujua mlima Kitonga na kona zake. Abiria wa mabasi humwangalia dereva, na wakifika salama humshukuru dereva. Lakini lori la mizigo likizimika katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma, anayeruka chini kwanza, gogo mkononi, akakimbia kulitafuta tairi, si dereva. Ni yule kijana aliyekuwa amejikunyata juu ya magunia. Ana nafasi moja. Akichelewa, akiliweka upande, hakuna wa kumsimulia habari yake. Akiliweka sawasawa, lori linasimama, dereva anawasha tena, safari inaendelea, na hakuna anayemuuliza jina.

Slater alizaliwa California mwaka 1985 katika nyumba ambayo jina lilikuwa kubwa tayari. Baba yake, Jackie Slater, aliichezea timu ya Rams misimu 20, kuanzia 1976 hadi 1995, akiwa mmoja wa yale majabali ya mstari wa mbele yanayomkinga kwotabeki, na mwaka 2001 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli huko Canton, Ohio. Mwana hakurithi uzito wa baba. Alirithi miguu ya mkimbiaji, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua miguu hiyo iwekwe wapi. Chuoni UCLA walimjaribu mbele, wakamjaribu nyuma, hapakuwa na namba iliyomkaa. Kilichomwokoa ni kurudisha mipira ya kuanzia mchezo: mwaka 2007 alikimbia nayo hadi mwisho wa uwanja mara tatu. Mwaka uliofuata New England Patriots wakamchagua raundi ya tano, akiwa mtu wa 153 katika orodha ya vijana wa mwaka huo. Mtu wa 153 hajengewi mipango. Anapewa fulana na kuambiwa tutaona.

Na walichoanza kukiona hakikuwa kizuri. Novemba 30, 2008, Pittsburgh Steelers walikuja Foxborough, nyumbani kwa Patriots. Slater alikuwa nyuma kuupokea mpira wa kuanzisha tena mchezo. Ukamponyoka. Steelers wakaunyakua karibu kabisa na mstari wa Patriots, haukupita muda wakafunga, na siku ikaisha kwa 33 kwa 10. Kijana wa mwaka wa kwanza, raundi ya tano, kosa la wazi mbele ya uwanja mzima: wengi wa aina hiyo huwa wamefungasha kabla ya Krismasi. Bahati yake ni kwamba kocha wake, Bill Belichick, naye alilelewa kwenye vikosi maalumu tangu ujana wake wa ukocha, miaka ya 1970. Alijua thamani ya mtu anayekimbia mbio za kufa na kupona kwenda mahali ambapo huenda mpira usifike. Hatimaye akamwondoa kwenye kupokea, akamwacha kwenye kukimbiza.

Tumtazame akikimbiza, mara moja, polepole.

Yuko pembeni kabisa, hatua chache kutoka mstari wa uwanja, mbali na wenzake wote. Wamarekani humwita mtu wa nafasi hii gana, kama askari wa mizinga. Katika NFL, kabla mguu haujaugusa mpira, ni hawa wawili wa pembeni tu, mmoja kila upande, wanaoruhusiwa kufyatuka kwenda mbele. Wengine tisa wanabaki mpaka mkwaju upigwe. Kwa hiyo gana ana sekunde mbili za upendeleo, na wapinzani hutuma watu kuziiba. Mara nyingi ni watu wawili kwa mmoja: wa kwanza kamkabili uso kwa uso, wa pili kakaa ubavuni kama mlango wa pili wa chuma. Slater aliishi na hao wawili miaka mingi. Hilo lenyewe lilikuwa faida kwa timu, maana watu wawili waliopelekwa kumlinda yeye hawawezi kuwa mahali pengine.

Mpira unarushwa nyuma. Hatua ya kwanza ni ya uongo: bega linasema ndani, mguu unaenda nje. Anayezuia hutafuta kifua cha gana. Gana hutafuta vifundo vya mikono ya anayezuia. Anavipiga chini, pap, kama anayefukuza nzi, na papo hapo anainamisha bega na kupita ubavu ubavu, kama mtu anayeingiza gunia kwenye mlango mwembamba. Wale wawili hawaruhusiwi kumshika, lakini wanaruhusiwa kumsukuma, na hupenda kumsukumia nje ya mstari. Akisukumwa nje lazima arudi ndani mara moja. Akitoka kwa hiari yake ili kupata njia nyepesi, ni faulo. Kwa hiyo mbio hizi hupigwa kwenye ukanda mwembamba, na mtu ananing'inia mgongoni.

Sasa mpira uko juu. Mkwaju mzuri hukaa hewani sekunde nne na nusu hivi. Mgeni wa kazi hii huinua macho kuutafuta mpira na hapo hupoteza hatua mbili. Mwenye kazi yake hautazami mpira hata kidogo. Anamtazama yule anayeusubiri. Kidevu kiko juu? Miguu inasogea kushoto? Anarudi nyuma? Uso wa mdakaji ndio ramani ya mpira. Gana anausoma akiwa mbioni, yadi 40 na zaidi, huku akipima pia wenzake wako wapi, asije akafunga njia moja na kufungua nyingine.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo kamera huikosa kwa sababu haina kishindo: kupunguza mwendo. Vijana wengi wana mbio. Wanafika kama bajaji isiyo na breki, mdakaji anapiga hatua moja pembeni, nao wanapitiliza na kuishia kwa wapiga picha. Slater alikuwa akikata mwendo hatua tatu au nne kabla ya kufika. Hatua zinafupika, nyonga zinashuka, miguu inatanuka, mikono inafunguka. Ghafla yule aliyekuwa anakuja kwa kasi ya kutisha amesimama mbele yako, chini, ametulia, na hujui tena upande gani una usalama. Wadakaji wengi walipomwona namna hiyo walifanya jambo la busara: waliinua mkono na kuupunga. Ukipunga mkono, hakuna anayeruhusiwa kukugusa, ila nawe huruhusiwi kukimbia. Mpira unafia hapo. Kwenye karatasi ya takwimu hakuna kinachoandikwa kwa jina la Slater. Hakuna safu ya kuhesabu walioogopa.

Lipo na jambo la mwisho, gumu zaidi. Mpira ule una umbo la yai. Ukidunda haujulikani unaelekea wapi, kama kuku anayekimbizwa uani. Ukiachwa ukavuka mstari wa mwisho, wapinzani wanaanzia yadi ya 20. Ukizuiwa kwenye yadi ya 2, wanaanza huku migongo imegusa ukuta. Basi gana mzuri humpita hata mpira wenyewe, anageuka uso kuelekea alikotoka, visigino karibu na chokaa, vidole vya miguu vikihesabu sentimita, anausubiri udunde na kuulaza chini taratibu kama mama anayemlaza mtoto aliyekawia kusinzia. Yadi 18 zimepatikana. Watu wanarudi kutoka jikoni, wanakaa, wanauliza: wamefikaje pale?

Kwenye orodha rasmi Slater aliandikwa kuwa mpokeaji, yaani mtu wa kudaka pasi za kwotabeki. Katika misimu 16 na michezo 239 ya ligi alidaka pasi moja. Ilikuwa mwaka 2011 kule Miami, yadi 46, usiku ambao Tom Brady alirusha jumla ya yadi 517. Nadhani ni takwimu tamu kuliko zote katika historia ya timu hiyo: kwotabeki anayehesabiwa kuwa bora kuliko wote, mpokeaji aliyekaa naye muongo na zaidi, na pasi moja kati yao. Tachidauni yake, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, aliisubiri hadi msimu wa 12, Septemba 2019, pale mwenzake J.C. Jackson alipouzuia mkwaju wa Buffalo Bills na Slater akauokota mpira uliokuwa ukidunda, akakimbia yadi 11. Patriots walishinda 16 kwa 10, kwa hiyo ile haikuwa ya mapambo.

Wenzake wa ligi walimjua. Alichaguliwa mara 10 kwenda Pro Bowl, mechi ya nyota, idadi ambayo hakuna mtu wa vikosi maalumu aliyewahi kuifikia. Kabla yake aliyesifika zaidi alikuwa Steve Tasker wa Buffalo, aliyekwenda mara 7. Belichick, mzee asiyegawa sifa kama pipi, alimweka Slater kwenye mizani moja na Tom Brady na mlinzi Lawrence Taylor, kila mmoja bora kwa kazi yake.

Kuanzia 2011 wenzake walimpa unahodha mwaka hadi mwaka, na unahodha ukamletea kazi ya kutaja upande wa sarafu inayorushwa kuamua timu ipi ianze na mpira. Hapa yamo ya kuchekesha. Desemba 2015, dhidi ya New York Jets, alishinda sarafu ya muda wa nyongeza akasema wao wataanza kupiga, si kupokea. Watu wakadhani amechanganyikiwa, maana wakati huo kila mtu alitaka mpira kwanza. Jets wakapokea, wakafunga, 26 kwa 20. Belichick akasema wazi kwamba ndivyo alivyomwagiza. Miezi 13 na siku chache baadaye, kwenye Super Bowl ya Houston, Patriots walikuwa wametoka nyuma kwa pointi 25 na kuwasawazishia Atlanta Falcons, jambo lisilowahi kuonekana, na fainali hiyo ikaingia muda wa nyongeza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwetu huku kulikuwa kunakucha, waadhini walikwisha maliza, nami nilikuwa nimeshakata tamaa ya kulala. Slater akaitwa katikati. Akataja kichwa, kama kawaida yake. Kikatoka kichwa. Patriots wakapokea, wakaenda moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja, 34 kwa 28, na Falcons hawakuugusa mpira tena.

Nje ya uwanja alifanya kazi kwa mtindo uleule: kufika mapema, kukaa pembeni, kuwa na subira. Wachezaji wa Marekani hufanya mengi ya hisani mbele ya kamera: hundi kubwa ya karatasi, watoto wenye kofia, picha, kwaheri. Sina ugomvi nayo, mtoto akipata mkoba wa shule amepata. Ila Slater, pamoja na wenzake Devin McCourty na Duron Harmon, walikwenda kwenye mambo yasiyo na picha nzuri. Katika jimbo la Massachusetts, ilipo Foxborough, sheria ilikuwa inaruhusu mtoto wa miaka 7 kufikishwa mahakama ya watoto. Miaka 7 ni darasa la kwanza. Wachezaji hao walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kutaka umri huo upandishwe. Aprili 2018 gavana Charlie Baker alitia saini mageuzi ya sheria za jinai yaliyoupandisha hadi 12. Waliopigania mabadiliko hayo walikuwa wengi na wa muda mrefu, mawakili, wazazi na wabunge. Hakuna mwanafutiboli anayeweza kuyadai kuwa yake. Lakini kwenye kazi ya watu kumi na moja, kila mmoja anajua alikimbia au hakukimbia. Mwaka 2019 walijitokeza tena, mara hii kuhusu fedha za shule za watoto wa familia maskini, na Novemba mwaka huo jimbo likapitisha sheria ya kuziongezea shule dola bilioni 1.5 katika miaka 7.

Mwaka 2017 wachezaji wa ligi walimpigia kura ya Tuzo ya Bart Starr, inayotolewa kwa mwenendo mwema uwanjani, nyumbani na katika jamii. Baba yake aliipokea mwaka 1996. Mwaka 2021 kura za wachezaji zikampa pia Tuzo ya Art Rooney ya uungwana michezoni. Kumbuka kwamba wanaopiga kura hizo ni pamoja na watu aliowaangusha chini kwa miaka mingi.

Hadithi ya baba na mwana ina kipande kimoja ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukiandika, asije akaambiwa amezidisha. Jackie alicheza misimu 20 na hakupata pete ya ubingwa. Rams yake ilifika fainali mara moja tu, Januari 1980, ikapigwa na Steelers. Mwana alifika fainali tano, akashinda tatu. Ya mwisho, Februari 2019, ilikuwa dhidi ya Rams. Ubao ulisomeka 13 kwa 3, fainali yenye pointi chache kuliko zote, na waliozoea vifijo waliilaani kwa kuchosha. Mimi niliifurahia kama ngoma ya kwetu. Ilikuwa fainali ya mikwaju. Ryan Allen, mpiga mateke wa Patriots, aliwabana Rams karibu na mstari wao mara kwa mara, na huko chini walikuwapo Slater na wenzake, wakipunguza mwendo, wakisubiri. Kwa mara moja nchi nzima ililazimika kukaa kwenye viti na kutazama zile sekunde saba.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Januari 7, 2024, Foxborough, theluji ikianguka. Kabla ya mchezo wenzake walijitokeza wamevaa fulana nzito zilizotengenezwa kwa heshima yake, na Belichick, ambaye naye alikuwa anaisimamia Patriots kwa mara ya mwisho, akavaa yake. Walifungwa na Jets 17 kwa 3. Februari akatangaza kustaafu. Mwezi mmoja baadaye wenye timu wakapitisha sheria mpya ya mpira wa kuanzia mchezo, wachezaji wapangwe karibu karibu ili kupunguza migongano ya watu wanaokimbia uwanja mzima. Ni sheria ya busara kwa mifupa na vichwa vya vijana, sitaipinga. Lakini inamaanisha kazi aliyoifanya Slater, nusu yake, haipo tena kwa sura ile.

Canton humpokea mchezaji baada ya kungoja miaka mitano tangu astaafu, na kwa watu wa vikosi maalumu mlango wake ni mzito. Mpiga mkwaju wa kwanza, Ray Guy, alingoja hadi 2014. Devin Hester, mrudishaji mipira, akaingia 2024. Tasker alistaafu 1997, akapita zaidi ya miaka 20 akisubiri. Na wale wa kukimbiza tu, matingo wenyewe, hawakupewa hata kona. Jina la Slater litaruhusiwa kufika mezani kwa wapigakura kuanzia 2029. Ningekuwa na kura, ningempa mwaka huohuo wa kwanza.